Vidange ya Papa Hakorimana

Kalembe

Kwako kaka yangu Honoré,

Pokea salamu zetu toka huku mulimani. Unaamuka namna gani huko Butembo? Kifua haikusumbue tena? Sisi tunapumua, Mungu angali anatuona. Mvua ilirudi, maharagi imeanza kuota, na mbuzi ya Mama Mukamurenzi imezaa mapacha. Ninakuandikia kuliko kukupigia, juu telefone ya nyumba inakaa mu mufuko wa Papa, na haya maneno sitaki ayasikie.

Kaka, tangu tulipomuzika Consolée, bibi yako wa ndoa, haujauliza habari ya Papa hata mara moja. Ile siku ulimupigia, sauti ilikuwa juu, sisi wote mu jikoni tulisikia. Ulimwambia kama ulimununulia trakteri ya Wajapani, kila Jumamosi ya posho ulimukumbusha kufanya vidange, kubadilisha mafuta ya moteri, na yeye kwa uvivu wake aliacha moteri bila mafuta, akamuua bibi yako na mutoto wako mu tumbo. Papa hakujitetea. Alijibu tu kama ni kweli, alisahau.

Papa, kusahau? Weye unamujua. Kila posho alichomoa kile kijiti cha kupima mafuta, akakipangusa ku jani ya ndizi, akatuita wote tuone rangi. Filtre ya hewa aliipuliza polepole, sawa mama anaondosha vumbi mu jicho ya mutoto. Maandishi ya Kijapani hakujua, lakini kila kifuniko alikijua kwa mukono. Mama Françoise, jirani yetu, alizoea kumuchekelea kama aende kukatolea mahari kale katrakteri, yaishe.

Ile asubui risasi ililia upande wa ng'ambo, watu wakaanza kufunga mizigo. Papa alimwaga mafuta yote ya moteri mu bidoni, akashuka kuificha mu shamba ya mihogo, ili wenye bunduki wasipate kuendesha trakteri yetu. Hakuaga muntu. Mimi nilifikiri ameenda kufungua mbuzi. Alikuwa hajarudi wakati uchungu ulimushika Consolée, na damu ikawa nyingi. Nililia, watu wakakuja. Sébastien wa duka, ule ulimufundisha kuendesha, alifunga remorke nyuma ya trakteri mwenyewe, tukamulalisha juu ya godoro. Taa nyekundu iliwaka. Sébastien alifikiri ni mazout ya kuchoma njo inapunguka, akasema iliyoko itatufikisha ku hospitali ya Pinga. Mu kupanda mulima moteri ikalia vibaya, ikashikana, ikakufa. Wanaume walimubeba mu mabega ku tipoyi ya miti, mimi nikimushika mukono. Ulipoa mu mukono wangu, kaka.

Kisha matanga nilimuuliza Papa sababu gani anajisingizia kama alisahau. Alilia. Mimi sijawahi kuona Papa analia, hata wakati Mama alikufa hakulia mbele yetu. Akanikumbusha ile simu yako ya Noeli. Ulituambia kwa kucheka kama watu wa Walikale wakisikia risasi wanamwaga mafuta ya moteri, hakuna mwizi atafika mbali, na Papa naye afanye vile. Njo sababu alifanya, Honoré. Alifanya vile ulimwambia.

Aliniapisha juu ya rozari ya Mama nisikuambie. Alisema ukijua hiyo neno ilitoka mu kinywa chako, hautaweza kuishi, heri umuchukie yeye. Leo navunja kiapo, Mungu anisamehe, juu Papa hakule tena. Shati zake zimekuwa sawa za muntu mwengine. Posho anaenda kukaa pembeni ya ile moteri yenye kufa, anaipangusa, anarudi. Padri alikuja, haikusaidia. Nikinyamaza tena, nitamuzika na yeye.

Siandike ili nikuumize. Haukujua, na yeye hakujua. Lia kwanza, lia sana, Consolée anastahili. Kisha umupigie Papa. Usimwambie kama unajua. Anafikiri amekufichia huo muzigo, umwachie afikiri vile. Muulize tu kama amekula.

Sébastien na Mama Françoise wanakusalimia, na wote wa nyumba. Bwana akulinde mu njia zako.

Mimi dada yako mwenye kukupenda,
Verdiane