Ng'ombe Wangu Hawanunui Gari la Viti Viwili

Majengo, Mpanda

Mdogo wangu Shija,

Nakusalimu wewe na kaya yote. Mimi mzima. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilibanwa, kucha imetoka, lakini nakula na mizigo nabeba. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mvua huko imeshika? Huku imeshika mpaka imezidi.

Milembe mwanangu, najua wewe ndiye unayesoma hii barua, maana baba yako mdogo kusoma hajui na hataki kujifunza. Msomee kwa sauti. Ukifika nilipomgombeza usipunguze.

Shija, barua yako nimeipata Jumanne. Nimeisomea pale stesheni tunapokaa vibarua kungoja treni. Nikairudia, nikidhani nimesoma vibaya. Kumbe nimesoma vizuri. Unataka kuuza ng'ombe wangu sita, uongeze na wako wanne, ununue gari la spoti.

Gari la spoti, Shija. Wewe unayekaa maporini huko.

Unasema dalali wa Mwanza amekwambia gari hizo zilizotumika zinapanda bei kila mwaka. Mwaka juzi ng'ombe sita, mwaka jana wanane, sasa kumi, mwakani hazishikiki. Unasema ni kama mtamba, unamnunua mdogo, unakaa naye, unamuuza mkubwa. Mtamba anakula majani na anazaa. Gari linakula nini? Na siku likizaa unipigie simu ya upepo nije nione ndama.

Sukari nayo imepanda. Sabuni imepanda, mafuta ya taa yamepanda, nauli imepanda. Tangu mambo yawe ruksa kuna kitu gani hakijapanda? Mbona sukari hununui ukajaza nyumba? Hela yetu ndiyo inashuka, bwana. Gari limekaa palepale.

Sasa nikwambie, maana huku hilo gari tunalo. Nimelibeba kwa mikono yangu.

Kuna tajiri mmoja hapa, ana mashine ya kukoboa mpunga, ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku, tunamwita Baba Fausta. Si mtu mbaya. Naye aliambiwa kama wewe, nunua sasa, zinapanda. Akauza mpunga wa misimu miwili, akaagiza Dar. Likaja na treni, juu ya behewa la wazi, limefungwa kamba na kufunikwa turubai kama maiti. Wanafunzi wakatoroka shule. Turubai likatolewa. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi kwenye jiwe.

Kulishusha sasa. Hapa hakuna pa kushushia gari la namna hiyo. Baba Fausta akasema leteni magunia yangu ya mpunga, mpange ngazi. Tukamwambia, Baba Fausta, magunia yatapasuka. Akasema, "Nyie mnalipwa kubeba au kunishauri?" Tukapanga, juu tukaweka mbao. Gari likashuka nusu, mbao zikateleza, tumbo likakaa juu ya magunia, magurudumu yote manne yananing'inia hewani. Magunia yakapasuka. Kuku wa stesheni nzima wakaja. Mwenyewe anapiga kelele, "Fukuzeni kuku! Shikeni gari! Fukuzeni kuku!" Tukalibeba watu kumi na wawili kama jeneza. Hapo ndipo kidole changu kilipobanwa. Akatupa soda, soda moja watu wawili.

Hiyo ni siku ya kwanza tu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi ya ndugu yake huko Kabungu. Akasema lazima aende na gari, watu walione. Akanichukua mimi nikae kiti cha pili, likikwama nisukume. Sitakuficha, Shija. Kile kiti ni kizuri. Unanyoosha miguu kama umelala. Ukitazama nje unaona magoti ya watu. Mlio wake unausikia hapa kifuani. Pale kwenye lami kidogo ya mjini alikanyaga mafuta, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Tangu Mama Milembe afe nilikuwa sijacheka hivyo. Nikasema moyoni, Shija hana kosa lote.

Halafu lami ikaisha.

Kila tuta, kwaa. Kila jiwe, kwaa. Ninashuka, nasukuma, napanda, nashuka tena. Mwisho nikaacha kupanda, nikawa natembea pembeni. Baiskeli zinatupita. Mama mmoja kabeba kuni kichwani akatupita, akasema, "Poleni na safari." Karibu na Kabungu likapiga jiwe na tumbo, oili yote ikamwagika, likazama kwenye matope likanyamaza.

Unajua nani alilitoa? Mzee mmoja wa kwetu, anaitwa Nkwabi, alihamia huku na ng'ombe wake. Alikuwa analima shamba la jirani. Akafungua maksai wanne kwenye jembe, akaja na mnyororo.

Baba Fausta akamwambia, "Mzee, angalia wasinichubulie rangi."

Nkwabi akasema, "Rangi gani? Mimi naona tope tu. Wewe kaa ndani ushike usukani, maksai wangu hawajui kukata kona."

Tukaingia harusini hivyo. Maksai mbele, gari nyuma, tajiri na tai yake shingoni ndani anashika usukani, mimi nashika fimbo. Wanawake wakaacha kuimba. Mmoja akasema, "Jamani, bwana harusi kaja kwa baiskeli, huyu kaja na plau!" Wakacheka mpaka bibi harusi akacheka, na wewe unajua bibi harusi hatakiwi kucheka.

Sasa hilo gari liko nje ya mashine ya kukoboa. Kipuri hakuna Mpanda, Tabora hakuna, Dar wanasema waagize nje. Kuku mmoja, nadhani ni wa wale wa stesheni, anatagia kwenye kiti cha pili, kiti nilichokalia mimi.

Na bei, unasema? Bei inapanda kweli. Alikuja kijana mmoja ana hela za dhahabu, akataka kulinunua. Mimi nilikuwepo nashusha magunia. Akataja bei ileile ambayo Baba Fausta alinunulia. Baba Fausta akakataa, "Hapana kijana, sasa zimepanda. Dar wanauza mara moja na nusu."

Kijana akasema, "Basi lipeleke Dar ukaliuze."

"Halitembei."

"Sasa gari lisilotembea linapandaje bei?"

Watu wakacheka, Baba Fausta akakasirika, kijana akaondoka. Sasa ni mwezi wa tatu hajaja mwingine. Kila akisikia huko Dar zimepanda, na yeye anapandisha. Ukimtazama ni tajiri sana, lakini msimu huu mbegu amekopa. Bei bila mtu wa kutoa hela ni kelele tu, Shija. Ng'ombe ukimpeleka mnadani asubuhi, mchana una hela mkononi. Hata mwenye kilema anapata mtu wa kumla.

Ng'ombe nilikuwekesha, sikukupa. Maziwa kunywa, jembe wavute, mbolea chukua. Kuuza hapana. Baba alituachia hivyo na babu alimwachia hivyo. Aliyewekeshwa hauzi mpaka mwenye ng'ombe aje aseme kwa mdomo wake zizini. Mdomo wangu uko Mpanda na umesema hapana. Mwambie dalali wako asisubiri mnada ujao. Na kama ameshakulisha chakula na bia, mwambie asante.

Nilitaka nimalizie hapo. Lakini kuna jambo umeniudhi nalo kuliko la ng'ombe.

Umeandika, "Tungekuwa na gari siku ile, shemeji asingekufa." Hukuandika wewe. Mwandiko ni wa Milembe. Ulikaa kwenye kigoda, ukamtamkia mtoto, akaandika kwa mkono wake kwamba mama yake alikufa kwa kukosa gari. Shija, una akili kweli? Nimeona pale kwenye neno "shemeji" kalamu imekandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Sasa nisikilizeni wote wawili. Milembe, soma polepole, ulikuwa mdogo hukumbuki.

Gari siku ile lilikuwepo. Gari la misheni, kubwa, la kubebea wagonjwa. Lilikuja kumchukua mama yako, likasimama ng'ambo ya mto, mto umejaa. Dereva akashuka, akapima maji kwa fimbo, akatikisa kichwa. Hakuwa na kosa. Tukamlaza mama yako kwenye mkokoteni, nikafunga ng'ombe wangu wawili, Sabuni na Pembemoja, tukaingia majini. Maji yalifika tumboni mwa ng'ombe. Sabuni aliogopa katikati, Pembemoja akamvuta. Baba yako mdogo Shija alikuwa mbele ameshika kamba, maji kifuani, hajui kuogelea. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Wakatuvusha. Gari likampeleka hospitali, akatibiwa, akaishi siku mbili. Tuliongea sana siku hizo mbili. Alikuulizia wewe kama umekula. Alikufa kwa ugonjwa wake. Hakukosa gari, na hakukosa watu.

Na hilo la spoti, Shija, lina viti viwili. Mmoja dereva. Mgonjwa ungemlaza wapi?

Najua na wewe linakuuma. Najua unaona huku mbali nilikimbia kaburi, nikakuachia watoto na ng'ombe. Labda nilikimbia. Lakini usininunulie gari la kunifariji. Ukitaka gari kweli, subiri nije tukae, tununue lenye nyuma ya kubebea mpunga na mtu aliyelala. Hilo hata likichakaa lina kazi.

Barua hii nampa kondakta wa treni, ni mtu wangu. Naomba ifike kabla ya mnada.

Msalimie mama, mwambie dawa ya magoti nimepata na asali ya Inyonga kopo moja, vitakuja na mtu. Msalimie mkeo shemeji yangu Ng'wasi, mwambie asiache mume wake atembee na madalali. Msalimie shangazi Kabula anayekaa kisimani, na mwanangu wa kiume Limbu, mwambie ng'ombe wasinywe maji ya juu penye matope. Na mjomba Masele fundi baiskeli, mwambie kazi yake ndiyo ya maana.

Ni mimi kaka yako,
Mabula

Milembe, hapa acha kusoma kwa sauti. Hii ni yako. Mnada ukipita niandikie, usitamkiwe na mtu. Usiniandikie idadi, idadi mtu anaweza kukudanganya. Nenda zizini jioni, waangalie wakiingia, niandikie majina. Anza na Sabuni na Pembemoja.