Jinsi Uso wa Baraka Ulivyojengwa

Garissa

Mama mpendwa,

Usinikasirikie kwa kunyamaza miezi yote hii. Mkono mmoja una mtoto, mwingine una kijiko, na nikipata pa kukaa nasinzia. Natumaini mgongo umepata nafuu na mvua imewafikia huko Bungoma. Hapa ni joto na vumbi, lakini tu wazima.

Nina habari, Mama. Baraka wangu atashonwa ule mdomo aliozaliwa nao umepasuka. Daktari wa upasuaji alikuja kwa ndege kutoka Nairobi, akamtazama hadi ndani, akasema mdomo kwanza, kaakaa baadaye. Anataka tu mtoto afike kilo tano, na bado kidogo. Kunyonya hawezi, kwa hiyo namkamulia maziwa na kumlisha kwa kijiko mchana kutwa.

Nilimuuliza lile analosema mama mkwe, kwamba mtoto yuko hivi kwa sababu nilimcheka mlemavu nikiwa mjamzito. Akaweka viganja kando ya mashavu yake, akavisogeza polepole mpaka vikakutana chini ya pua.

"Uso huja vipande vipande. Chembe hai hutoka nyuma ya kichwa, zinatembea kuja mbele kujenga taya, pua, kaakaa. Jeni ndizo huziambia ziende wapi na lini. Hata kifaranga ndani ya yai, hata samaki, hujengwa hivyo. Vipande vya huyu havikukutana. Na wakati huo pengine hata hukuwa umejua una mimba."

Nilitembea nikicheka peke yangu mpaka nyumbani. Nilimcheka nani, na mimba yenyewe sina habari nayo?

Jirani yangu Halima, mtu wa Banissa, hakushangaa. "Abaayo, dada yangu, kwetu beberu moja ilikuwa inazaa watoto mdomo hivyo. Tuliuza beberu. Mbuzi mama, nani alilaumu?"

Baba Baraka akaweka kikombe chini. "Sasa mnataka kuniuza?"

"Wewe nani atanunua?"

Kwa hiyo kumleta nyumbani atakaswe na wazee, kama ulivyoomba, hapana. Nakupenda, Mama, lakini hapo usinisukume.

Nisalimie Baba, mdogo wangu Nafula, na shangazi anayetuombea kanisani. Mama mkwe pia, na haya ya vipande mweleze wewe, kwangu hatayapokea.

Mwalimu mwenzake Baba Baraka atapita hapo kabla shule hazijafunguliwa. Mpe unga wa wimbi, vijiko vidogo viwili vya plastiki, na leso kuukuu, zile laini, maana maziwa hutokea puani. Na unitumie jina. Daktari aliuliza kama katika ukoo wetu yupo aliyezaliwa hivi, hata kama alifichwa, hata kama alikufa mchanga. Simlaumu mtu. Nitazaa tena, na nataka kujua.

Binti yako,
Nekesa