Chumvi Ulingoni

Jumanne, 4 Februari
Mazoezi tena baada ya kazi. Kuanguka, kuinuka, kuanguka. Magoti yanauma. Dagi, promota wetu wa mieleka, ameniletea mshipi mpya wa sumo. Mwekundu, una mashada kama ya pazia. Sumo yenyewe, mieleka ya Kijapani, niliicheza chuoni, hapahapa Toronto, na hatukufunga kitu cha namna hii. Mimi ni Mkenya wa Thika, nimebandikwa jina "Mlima wa Osaka" na mtu ambaye hajafika Osaka. Naona aibu. Watu wakishangilia, aibu inageuka utamu. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 6 Februari
Sasa Dagi anataka nirushe chumvi kabla ya pambano, kama Wajapani. Nilimweleza: kule chumvi huangukia udongo ulioshindiliwa. Sisi tuna turubai juu ya mbao. Chembe zinabaki juu, zinaviringika chini ya nyayo.
"Wewe rusha tu, profesa."

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria kifua cha Furaha. Ndiye mpinzani wangu: Mkongo wa Bukavu, mwembamba, mchana anatunza wazee, jioni anaruka kama panzi. Ananiita yaya, kwao ni dada mkubwa. Mwisho wa pambano yeye hulala chali, nami napanda kamba ya pili, naruka, namkalia kifuani. Watu huona nimemponda. Uzito wote huwa umebebwa na miguu yangu. Kati ya uongo na kweli pana nafasi ya kiganja. Kiganja kimoja tu.

Jumatano, 12 Februari
Tulijaribu na chumvi. Niliteleza. Chini, si kwenye kamba, lakini niliteleza. Nikamwomba Furaha tubadilishe mwisho: nimsukume nje ya ulingo, kama sumo halisi. Alikataa.
"Yaya, nani atakuja kuona mtu anasukumwa? Hata kwenye treni nasukumwa kila siku!"
Tulicheka. Ila najua sababu. Jumamosi anakuja mtu wa kampuni kubwa ya Marekani kumtazama. Yeye, si mimi. Anautaka mwisho wake.

Ijumaa, 14 Februari
Theluji kutwa. Dagi amenunua chumvi ya mawe, ionekane vizuri kwenye taa. Ndoo nzima. Sikula.

Jumamosi, 15 Februari
Niandike tu.
Ukumbi ulijaa. Nilirusha chumvi, watu wakalipuka kwa shangwe. Nikarusha tena, bila kuambiwa. Nilipopanda kamba nilihisi chembe zimeganda nyayoni. Nikaruka. Mguu wa kushoto ulitua. Wa kulia ukateleza. Nilimkalia Furaha kweli. Kitu kililia chini yangu kama kuni kavu. Alifungua kinywa, hewa haikuingia.
Refa akapishanisha mikono juu ya kichwa. Ndiyo alama yetu: huyu ameumia, si mchezo. Mashabiki wanaijua. Wakadhani nayo ni sehemu ya mchezo. Wakapishanisha mikono yao, safu baada ya safu, ukumbi mzima, wakiimba "Mlima! Mlima!" Wahudumu wa machela walipita katikati yao na kupigiwa makofi.

Jumatano, 19 Februari
Mbavu zimevunjika. Pafu liko salama. Furaha yuko kwa shangazi yake, mtaa wa Regent Park. Analala ameketi. Hawezi kuinua mikono, kwa hiyo nilikwenda kumsuka.
Yule Mmarekani amepiga simu. Anatutaka sote wawili, mwisho uleule, Furaha akishapona. Furaha anataka tukubali. Nilimwambia mimi nimeacha.
Hasira yake niliihisi shingoni, chini ya vidole vyangu. Hapati nafasi hiyo bila mimi, sote tunajua. Sikubadili neno.
Shangazi alileta chai, akatutazama, akaondoka. Ilipoa. Baadaye Furaha aliinamisha kichwa ili nifike kisogoni, nami nikaendelea kusuka.