Kura ya Kamba ya Nguo

Jumapili jioni

Si ni mimi niliyelalamika kwamba Mama Shiru, msemaji wetu sisi wapangaji, anatuamulia kila kitu? "Tupige kura wenyewe!" nikasema, na ploti nzima ikapiga makofi.

Leo mchana tukapiga kura ya kwanza: nani aanike nguo siku gani kwenye kamba yetu moja. Yaani, wakapiga. Mheshimiwa mimi nilikuwa nimelala fofofo, mtoto kifuani.

Nimepewa Jumatano, siku ninayoshinda kazini, mtaa wa Karen. Nepi zitakauka lini?

Nikamwendea Mama Shiru aniombee Jumamosi.

"Si ulisema kila mtu ajisemee, Mama Njeri?"

"Nilikosea kidogo."

"Kidogo?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, kura yangu umepata. Za wengine kaziombe mwenyewe."

Imebaki milango kumi na mmoja ya kubisha, na mtoto ameamka.