Laptopu Inayongoja Mbalamwezi

Muhuru Bay,
Jumatatu

Nyaminwa Atieno, binti wa mama yangu,

Goti lako limekubali kupanda kilima hadi kanisani, au bado linakugomea? Na mvua, imefika hapo Rusinga? Mimi huku ni mzima. Nakula samaki kuliko nilivyowahi kula nikiwa mwalimu, na kikundi cha wavuvi bado kinaniamini na madaftari yake.

Uliponiomba sauti ya marehemu mama akieleza mpaka wa shamba, ili wazee waisikie Alhamisi na kuamua kama kile kipande ulichopanda mihogo ni chetu au cha jirani yetu Odhiambo, nilijibu upesi kwamba ipo. Ipo kweli, lakini ndani ya laptopu yangu kuukuu, nayo ilikuwa imekataa kuwaka. Feni ilivuma kidogo, taa ikapepesa, kisha kimya.

Unanijua, sikuipiga kofi. Nilifungua mgongo wake, nikachomoa kile kijikadi cha kumbukumbu, nikakisugua kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha. Kimya. Nyar Kisegi, mama mwenye kibanda cha sola ninapochomeka, akanihurumia: "Mwalimu, hiyo kitu iko na mapepo ya mwezi. Mbalamwezi inawaka, giza inazima. Peleka kwa pastor."

Sikumbishia. Nilifungua daftari ninamoandika kazi zangu za kila siku, nikatazama siku ambazo laptopu ilifanya kazi. Zote zilikuwa za mbalamwezi! Hapo nikaelewa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa omena hawaingii ziwani, kwa sababu omena hawafuati taa penye mwanga. Mwezi ukiisha, taa zao arobaini za kuvulia hujazana kibandani mchana kunyonya umeme uleule. Laptopu yangu betri yake ilikufa zamani, huishi kwa waya tu. Siku hizo hupata matone. Matone huzungusha feni, hayaamshi mashine.

Kungoja mwezi sikuweza. Nikawaomba wavuvi wachomoe taa zao nusu saa.

"Na omena tutavutia na kipara chako?" mmoja akauliza. Lakini wakachomoa.

Ikawaka! Wote wakasogea kumsikiliza mama. Akataja mpaka mti kwa mti, polepole, mpaka akafika kwenye mihogo yako: "Kutoka mnyaa hadi jiwe jeupe ni kwa baba yake Odhiambo. Sisi tuliazima tu."

Kibanda kizima kikalipuka. "Ai! Mwalimu ametuzimia taa ndio ashindwe kesi!"

Nami nilicheka, ingawa najua wewe leo hutacheka. Sauti nimeitia kwenye flashi. Utaipokea pamoja na barua hii kutoka kwa mama anayepeleka omena Mbita. Usiifiche, wala usingoje Alhamisi. Nenda kwa Odhiambo kabla ya wazee, muisikilize pamoja, kisha umwombe uvune mihogo iliyokomaa. Anayeletewa haki yake mlangoni huwa mkarimu. Anayeipigania barazani huhesabu kila shina.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie apunguze chumvi. Nisalimie shangazi yetu na wajukuu wote. Lakini salamu za kwanza kabisa mpe Odhiambo, ukiwa umesimama uani kwake.

Ndugu yako,
Ochieng