Nilivyokamua Ngamia Kortini

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Burat tuko salama, na nyanya yako anakuombea mkono upone. Unauliza wakili atakusaidia nini kudai fidia ya ile ajali.

Miaka ya sabini, nilipogongwa mguu na lori, wakili wangu aliniuliza kwanza, "Ngamia hukamuliwa vipi?" Siku ya kesi akaniambia, "Mwonyeshe hakimu."

Sisi hukamua tukisimama kwa mguu mmoja, chombo kimekaa juu ya goti la ule mwingine. Nikainua goti, nikayumba, wakili akanidaka. Hakimu akaweka kalamu chini.

Subhanallah! Sikusema neno, na wote wakaona nilichopoteza.

Mtafute wakili. Mwonyeshe kwanza unavyosuka nywele za wateja wako, ndio umwonyeshe jeraha.

Babu yako