Jibu Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepigiwa makofi. Kiongozi wa timu alibandika barua kumi ukutani, zangu mbili, nane za wenzangu, akauliza nani kaandika ipi. Hakuna aliyejua. Hata mimi! Nilisimama pale nikizitafuta zangu kama mtu anayetafuta ndala zake kwenye rundo. "Hii sasa ndiyo sauti ya kampuni," akasema. Mwaka wa sita huu najibu malalamiko ya wateja wa bima, na leo nimefuzu. Nikarudi mezani. Jirani yangu wa meza akatoa spika masikioni, akasema hongera, akazirudisha.

Jumatano, 6 Machi
Kuna mzee kaandika. Fundi cherehani, mkewe alifariki mwaka juzi. Kompyuta yetu haina habari. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya marehemu, ikatuma salamu: Furahia siku yako! Simu ya mkewe anayo yeye. Sasa tarehe 14 inakaribia tena. Kaandika hivi hivi — naiogopa simu.

Kwenye orodha yetu ya majibu yaliyoandikwa tayari, jibu lake ni namba kumi na nne. Mpendwa Mteja, tumepokea maoni yako na tunayathamini. Nikalibandika. Kidole kikagoma kutuma. Tarehe 14 ni siku ya mama yangu! Nikaongeza: "Pole sana, baba. Jina la mama nimelifuta kwenye orodha kwa mkono wangu. Mama yangu naye kazaliwa siku hiyo hiyo." Nikatuma kabla sijajionea haya. Mpaka saa ya chakula nilikuwa nageuka nyuma, ungedhani nimeiba.

Ijumaa, 8 Machi
Wameiona. Imesomwa kikaoni, mbele ya wote. Barua zote zinatoka kwenye akaunti moja, saini moja, Timu ya Huduma, kwa hiyo hawajui ni nani. Walipofika kwenye "pole sana, baba" watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri tu — si wa kwanza, si wa mwisho. Kiongozi akasema hamtafutii mtu ubaya, mhusika amfuate ofisini kwake kimya kimya. "Hapa hatuna baba wala mama, jamani. Tuna wateja."
Sikumfuata.

Jumapili, 10 Machi
Mama kapiga simu. Alhamisi nitafika saa ngapi? Kila mwaka siku yake naomba ruhusa ya nusu siku. Mwaka huu nikiomba tu, nimejitaja. Nikamwambia kazi zimebana, tutaangalia.
"Mtaangalia na nani?"
Nikasema nina maana mimi.
Akajibu: "Usijisumbue, mwanangu. Dada yako atakuja na watoto." Sauti ya kumsamehe mgeni. Baada ya hapo nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Chumba kizima kimya, jirani wa juu tu anavuta kiti.

Jumanne, 12 Machi
Picha ya mama nimeitoa mezani, nimeitia kwenye droo, chini ya karatasi. Jirani wa meza kaniona. Zamani tulikuwa tunakula pamoja, tunacheka hadi tunapaliwa. Sikumbuki tuliacha lini. Hatukugombana hata.

Alhamisi, 14 Machi
Mzee yuko chini!

Saa tano dada wa mapokezi kapiga simu huku juu. Kuna mzee kaja na mfuko. Anasema leo simu ya mkewe haikulia. Kakaa nayo tangu asubuhi, haikulia, basi kavaa viatu akaja. Anamtaka "yule binti ambaye mama yake ni wa leo". Kamshonea mama gauni. Kalishona kwa vipimo vya marehemu, maana vingine hana.

Kiongozi akasimama katikati ya ukumbi. "Haya, mama ya nani kazaliwa leo?" Hakutania, hakufoka. Watu ishirini na wawili. Jirani akanitazama. Akatazama droo. Kisha akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta yake, na mimi — Mungu anisamehe — nikamshukuru kwa hilo.

"Sawa. Hayupo," akasema kiongozi. "Apewe namba kumi na nne, ichapwe, apelekewe." Akazungusha macho, yakatua kwangu. "Andika wewe. Wewe hukosei kitu."

Naandika haya daftari likiwa mapajani. Kwenye kioo kuna: Mpendwa Mteja. Nimejaribu kuanza na baba. Nimefuta. Nimejaribu tena. Mama atakuwa anakata keki sasa hivi, wajukuu wamemzunguka, na huko chini kuna gauni lake asilolijua.

Dada wa mapokezi kapiga tena. Mzee kapewa kiti, hakai. Anasema akilipakata litakunjamana. Kasimama nalo tu, kila lifti ikifunguka anasogea.

Nimebonyeza. Tumepokea maoni yako na tunayathamini. Karatasi imetoka, bado ina joto. Nimeuliza nani aipeleke chini. Kiongozi hakuinua hata macho.

Yeyote tu, kasema.